Mjadala: Je, neno "kitabu" linakifanya Kiswahili kuwa tawi la Kiarabu?

Hoja inayorudi kila asili ya Kiswahili inapojadiliwa ni kwamba wingi wa maneno ya Kiarabu ndani yake unathibitisha kuwa lugha hii ni tawi la Kiarabu. Naipinga, na nitaanza na "kitabu", kwa kuwa watetezi wa hoja hiyo hulitaja mara nyingi.

Asili ya neno haina ubishi. Katika Kiarabu, konsonanti k-t-b hubeba dhana ya kuandika, na irabu zinazopachikwa kati yake huzaa maneno: kitab kwa umoja, kutub kwa wingi, katib kwa mwandishi. Kiswahili kiliongeza irabu mwishoni, kisha kikaichukua ile ki-, ambayo kwa Waarabu ni sehemu ya neno lenyewe, kana kwamba ni kiambishi cha ngeli ya KI-VI. Ndiyo maana twasema "vitabu vyangu vyote vimepotea", upatanisho ukienea katika sentensi nzima. Kilabu, lililotoka katika Kiingereza, lilipita mlango huohuo likapata vilabu.

Kwingineko neno hili lilikokopwa mambo ni yaleyale: kila lugha hulitumia kwa kanuni zake. Kituruki husema kitap na kitaplar. Kiurdu kimelipa jinsi ya kike, ilhali katika Kiarabu ni la kiume. Kimalei hulitumia zaidi kwa vitabu vya dini, na kile cha kawaida hukiita buku, neno la Kiholanzi.

Pingamizi lenye uzito ni la namba. Twasema vitabu vitatu, vitano na vinane, lakini vitabu sita, saba na tisa, kwa kuwa namba hizi za Kiarabu hazipokei kiambishi. Hapo mkopo umegusa upatanisho wenyewe, sikatai. Hata hivyo kumi, ambalo ni la Kibantu, nalo halipokei, kwa hiyo ukaidi huo si alama ya Uarabu. Viunganishi kadhaa navyo vimekopwa, "lakini" na "wala" vikiwamo. Kitenzi ndicho kilichobaki imara: katika "tulivisoma", kiambishi vi- cha mtendwa hutangulia mzizi, ilhali Kiarabu hukiweka kiwakilishi chake mwishoni mwa kitenzi.

Anayeshikilia kuwa Kiswahili ni tawi la Kiarabu na atuonyeshe walau kiambishi kimoja, cha ngeli au cha kitenzi, kilichotoka huko.