Atomu za oksijeni kwenye gramu 5 za chokaa: jibu lipi sahihi?

Kidato3_Ngamiani
Shikamooni wakubwa. Swali: tafuta idadi ya atomu za oksijeni kwenye gramu 5 za kalsiamu kabonati (CaCO₃). Darasani yametoka majibu matatu: 3.01 × 10²², 9.03 × 10²² na 9.03 × 10²³. Lipi sahihi, na mengine yametokea wapi? Na jiwe la chokaa la Amboni nikilipima gramu 5, jibu ni hilohilo?

Mwl_Chumbageni
Marahaba. Sahihi ni la pili. Uzito wa moli moja (yaani chembe 6.02 × 10²³ za kitu): Ca 40, C 12, O 16 mara tatu, jumla gramu 100. Gramu 5 kugawa kwa 100 ni moli 0.05. Zidisha kwa 6.02 × 10²³, unapata 3.01 × 10²². Hapa ndipo wengi huweka kalamu chini, na hapa ndipo maksi zinapopotea. Ulichohesabu ni CaCO₃ nzimanzima, oksijeni bado hujaigusa. Kila CaCO₃ moja ina atomu 3 za oksijeni, kwa hiyo zidisha kwa 3. Wangetaka atomu zote ungezidisha kwa 5, upate 1.505 × 10²³. Kila mstari andika umehesabu *nini*, si namba tupu. (Na msiziite molekuli, CaCO₃ imeundwa kwa ioni, yaani chembe zenye chaji.)

Vipeo
La tatu ni la kalkuleta. Mtu kabonyeza 6.02 × 10 EXP 23. EXP tayari imebeba ile "mara 10", kwa hiyo jibu linakua mara kumi. Bonyeza 6.02 EXP 23, basi. Ukitumia kitufe cha kipeo badala ya EXP, wakati wa kugawa weka mabano, la sivyo itagawa kwa 6.02 kisha *itazidisha* kwa 10²³. Kagua kwa akili: 9.03 × 10²³ ni moli 1.5 za oksijeni, yaani gramu 24. Zitatokaje kwenye gramu 5?

Tanuri_Pongwe
Jiwe halisi lina udongo na mchanga ndani yake, kwa hiyo jibu halitakuwa hilohilo. Lisage, likaushe kwenye nyuzi 105 mpaka uzito usibadilike, ndipo upime gramu 5. Lichome kwenye tanuri la nyuzi 900 na ushee. CaCO₃ safi ya gramu 5 hupoteza gramu 2.2 za kabonidayoksaidi. Likipoteza 1.98, CaCO₃ ni asilimia 90: gramu 4.5, na oksijeni yake ni atomu 8.13 × 10²². Usipolikausha kwanza, maji yanayotoka yatahesabiwa kama gesi na jiwe litaonekana safi kuliko lilivyo.

Kidato3_Ngamiani
Asanteni. Maabara yetu ina kibatari cha spiriti tu, kitatosha?

Tanuri_Pongwe
Hakitafika joto hilo. Tumia asidi hidrokloriki: pima kwa pamoja chupa yenye asidi, pamba ya kuizibia na unga ukiwa bado kando, kisha tia unga kidogokidogo, mapovu yakiisha pima vyote tena. Uzito uliopungua ndio gesi. Mdomo wa chupa uzibe kwa pamba, la sivyo matone yakiruka nje yatahesabiwa kama gesi.

Mwl_Chumbageni
Na asidi iwe ya ziada. Mapovu yakikoma huku asidi imekwisha, unga wa chini utadhani ni mchanga kumbe ni chokaa.