Kambodia: matonge ya mizimu yaendelee kutupwa, au wapewe wenye njaa walio hai?

Mleta mada: Wakuu, kila mwaka, Septemba au Oktoba, Wakambodia huadhimisha Pchum Ben, siku 15 za kuwakumbuka marehemu. Wanaamini kwamba siku hizo Yama, hakimu wa wafu, huifungulia mizimu yenye njaa, wenyewe huiita pret, ije kuwatafuta jamaa zake hekaluni. Ina mdomo kama tundu la sindano na haistahimili jua. Basi watu hudamka kabla hakujapambazuka, wakalizunguka hekalu wakitupa chini matonge ya wali wa kunata uliochanganywa na ufuta. Mzimu ukipita mahekalu saba bila kukuta sadaka ya nduguze, huwalaani.

Mimi naona huko ni kumwaga chakula. Kunapokucha, wanaofaidi ni mbwa na siafu. Na hata mapokeo yao ya kale hayaagizi kutupa. Kisa kinachoelezwa pamoja na Tirokudda Sutta, andiko la kale la Kibuddha kuhusu sadaka za wafu, ni cha mfalme Bimbisara: alimlisha Buddha na watawa, asiwakumbuke jamaa zake waliokufa, na usiku wakampigia mayowe ya kutisha. Kesho yake akalisha tena, safari hii akinuia thawabu ziwafikie, nao wakapata chakula na mavazi. Angalieni: chakula kililiwa na watawa, kilichovuka ng'ambo ni thawabu. Naomba hoja, si matusi.

Mchangiaji 1: Mkuu, umesimulia nusu. Chakula cha watawa kipo palepale. Familia hukipeleka hekaluni, na majina ya marehemu husomwa. Wali wa alfajiri ni wa kundi jingine: wenye dhambi nzito kiasi kwamba sadaka ya kupitia kwa mtawa haiwafikii, na wasio na wa kuwakumbuka.

Sasa weka hapo miaka ya 1975 hadi 1979. Chini ya Khmer Rouge, wakomunisti waliotawala Kambodia wakati huo, watu wapatao milioni 1.7 walikufa, wengi kwa njaa hasa, wakafukiwa kwenye mashimo bila mtawa wala dua. Dini yenyewe ilipigwa marufuku. Mama asiyejua mwanawe alifia wapi, unamwambia tonge lake ni ubadhirifu?

Mchangiaji 2: Uchungu naukubali, ila mleta mada hayuko peke yake. Katika Milinda Panha, kitabu cha kale cha Kibuddha cha maswali na majibu, mtawa Nagasena anaulizwa kama sadaka huwafikia wafu wote. Anajibu kwamba katika aina nne za mizimu ni moja tu inayopokea, ile inayoishi kwa vipaji vya wengine na kuvikumbuka. Tena Vietnam, mwaka 2018, baraza kuu la Wabuddha liliwataka waumini waache kuchoma pesa na vitu vya karatasi mahekaluni kwa ajili ya wafu. Mila hukosolewa na wenyewe, si lazima aje mgeni.

Mchangiaji 3: Haya mnayozozania huko, pwani yetu tunayazozania kwenye hitma: thawabu za kisomo zinamfika maiti au ni bidaa? Kila upande na kitabu chake, na pilau inaliwa.

Mleta mada: Hapo umenichekesha, lakini pilau ya hitma inaliwa na watu! Ndicho ninachodai. Tazameni kusini mwa Thailand, Nakhon Si Thammarat. Wana sikukuu kama hiyo, mwezi wa kumi wa kalenda yao. Vyakula vya mizimu huwekwa juu ya jukwaa, na ibada ikiisha watu huvigombania, watoto mbele. Mizimu imepewa, na chakula hakikupotea. Wakambodia wanashindwa nini?

Mchangiaji 1: Hawashindwi, hawaoni tatizo. Yanayotupwa ni matonge ya kiganjani. Vyungu na sahani zinazofika mbele ya watawa ndizo nyingi, na watawa hawazimalizi; kinachobaki kinaliwa na vijana wanaolelewa hekaluni, vikongwe na yeyote aliyepo. Ukitaka kupigania chakula cha maskini, uliza kama hicho kinagawanywa kwa haki. Kule alfajiri waachie.

Mchangiaji 2: Na wakiacha kutupa, wale wasio na ndugu nani atawalisha? Mleta mada, hilo hujalijibu.