Tupeane uzoefu: ulijisikiaje ulipomsikia Rachmaninoff mwenyewe akipiga Koncheto yake ya Pili?

Msafiri wa Banana (mtoa mada)

Wakuu, habari za jioni.

Najua wengi humu ni watu wa taarabu, dansi na bongo fleva, na sisi wachache tunaosikiliza piano na okestra tunaonekana tunajidai. Leo tujitokeze. Nazungumzia rekodi moja tu: Koncheto ya Piano Namba 2 (koncheto ni kazi ndefu ya piano pamoja na okestra) ya mtunzi wa Kirusi Sergei Rachmaninoff, akipiga mwenyewe, Aprili 1929, na okestra ya Philadelphia ikiongozwa na Leopold Stokowski. Za vijana wa siku hizi tuziweke kando. Ni ile ya mwenyewe, yenye mikwaruzo.

Nianze mimi. Koncheto hii nilikuwa naijua miaka mingi kupitia rekodi za kisasa, na nilizoea kuitumia vibaya: nikiwa na huzuni naiweka, huzuni inaongezeka. Siku moja simu ikaniletea hii ya 1929 yenyewe tu. Nilikuwa kwenye daladala ya Gongo la Mboto, nimesimama, hedifoni inasikika upande mmoja. Cha kwanza kusikia ni kama mtu anakaanga vitumbua chumba cha pili. Halafu zile kengele za mwanzo, maana piano inaanza kwa kugonga kama kengele. Halafu jamaa akaondoka! Hakungoja mtu. Pale ambapo wapigaji wote niliowazoea wanasimama, wanavuta pumzi na kufumba macho, yeye anapita kama mtu anayerudi kwao usiku bila tochi. Kusema kweli nilikasirika. Nilitaka alie, hakulia. Nilipofika kituo cha Banana nikairudisha mwanzo.

Sasa hivi zile nyingine naona zina sukari nyingi. Wewe je?

Kidole cha Nne

Ngoja waje. Nimeweka kambi hapa.

Kii Nyeusi

Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya, Dodoma. Piano nimejifunzia kanisani, hakuna darasa nililokaa. Niliposikia zile kodi za mwanzo (nota kadhaa zinazopigwa kwa pamoja, siyo zile za serikali) nikasema hizi nazipata leo leo. Zinaanza kimya, kila moja inazidi iliyotangulia, na kati ya moja na nyingine kuna nota moja ya chini kabisa inayogonga kama kengele ya msibani. Nikakaa kwenye kibodi, nikatafuta. Ile F ya chini haipo! Kibodi ya kii 61 inaishia C iliyo juu ya hapo. Nilitafuta kidole kikagonga ubao wa pembeni.

Tuje kwenye mkono. Inasemwa kiganja cha huyu bwana kiliweza kutoka C hadi G ya juu yake, kii nyeupe kumi na mbili. Mimi nikijinyoosha nafika tisa, tena kwa maumivu.

Lakini kilichonimaliza ni kingine. Baada ya zile kengele, wimbo mkuu wenyewe piano haiupigi. Wanaupiga wa fidla pamoja na klarineti, na mtunzi, mwenye koncheto yake, jina lake ndilo kubwa kwenye lebo, yuko chini anasindikiza, nota zinamwagika kama mchele. Miaka kumi na moja nasindikiza kwaya na hakuna aliyewahi kugeuka kuniangalia. Siku ile niliwasahau wenye fidla, nikawa namsikiliza msindikizaji.

Kidole cha Nne

Shusha oktavu kwa kile kitufe mkuu, F utaipata.

Kii Nyeusi

Nilishusha. Ikapatikana, ila inalia kama ng'ombe.

Mtoto wa Nakuru

Hamjambo majirani. Yangu ni ya aibu. Sehemu ya pili ilipofika, ile ya polepole, niliruka kitini nikatangazia ofisi nzima kwamba huyu mzee kamwibia Celine Dion. Mfanyakazi mwenzangu aliyefanya mitihani ya piano hadi gredi ya sita aliniangalia kwa huruma sana. Kumbe koncheto ni ya 1901, na ni Eric Carmen aliyechukua melodia hiyo mwaka 1975 akatengeneza "All by Myself", ambao Dion aliuimba baadaye. Carmen alidhani haki za kazi hiyo zimeshaisha. Familia ya Rachmaninoff ikamjulisha kwamba hazijaisha, na akawa analipa asilimia 12.

Sasa shida yangu: nikiisikiliza ile ya 1929, kichwa kinaimba maneno ya Celine, na mzee hakai pamoja nami. Mahali Celine anapovuta sauti, yeye ameshapita. Nimejaribu mara nne. Bado tunakosana.

Bi Mkubwa wa Malindi

Assalaam aleikum wanangu. Muziki huu mimi sina elimu yake. Mjukuu wangu yuko Maskati anajifunza fidla, alipokuja likizo ndiye aliyeniwekea, akanambia, "Bibi, vumilia kelele." Nikamwambia kelele zipi?

Nyumba yetu hapa Unguja ilikuwa na gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, na babu alikuwa na santuri za Siti binti Saad, zile walizokwenda kurekodi Bombay kuanzia 1928, zenye picha ya mbwa anasikiliza pembe. Kazi yangu mimi mtoto ilikuwa kugeuza. Upande unakwisha, sindano inasugua katikati, khshh, khshh, ukichelewa unapigiwa ukelele kutoka barazani. Basi ule mkwaruzo kwangu si kelele, ni babu yuko nyumbani.

Mjukuu akanieleza kwamba huyu Mrusi naye alirekodiwa na kampuni ya mbwa huyo huyo ya kule Marekani, na kwamba koncheto nzima ilikuwa sahani tano, pande kumi, kila upande dakika nne au pungufu. Nikamuuliza, ina maana walikuwa wakisimama? Akasema ndiyo, wanafika mahali wanakata, wanaanza tena upande mwingine. Watu karibu mia pale ndani, wote wanyamaze, kisha waurudie moto ule ule! Siku hizi wameziunga, husikii kitu. Lakini mkono wangu unajua. Katikati ya sehemu ya pili ukainuka wenyewe kwenda kugeuza. Mjukuu alicheka mpaka akakaa chini.

Msafiri wa Banana

Shikamoo Bi Mkubwa. Nimesoma hii mara tatu.

Mhandisi Mstaafu

Marafiki, mimi nampinga mtoa mada. Nilisoma Moscow miaka ya themanini, na mtu niliyekaa naye chumba kimoja hosteli alikuwa na santuri ya Sviatoslav Richter akipiga koncheto hii. Richter anafungua polepole mno, kila kengele unaiona inavyotoka mnarani. Nje nyuzi joto kumi na tano chini ya sifuri, sisi tunagawana viazi, na ile santuri. Ndivyo inavyotakiwa iwe.

Hiyo ya 1929 niliisikia nimeshastaafu, kwa hamu kubwa, nikavunjika moyo. Anakimbia. Dakika thelathini na kidogo kazi imekwisha. Nadhani ni hizo dakika nne za Bi Mkubwa, alikuwa anawahi sahani isimwishie.

Kidole cha Nne

Mzee wangu, kwa heshima zote, hapo hapana. Kampuni ilimpa pande kumi, angetaka kumi na moja angepewa. Sahani inakulazimisha ukate wapi, haikulazimishi ukimbie. Isitoshe yeye mwenyewe alikuwa akisema kila kazi ina kilele kimoja, na ukikikosa umebomoa yote. Msikilize mwisho wa sehemu ya tatu, ule wimbo mkubwa unaporudi na okestra nzima. Anafungua mlango hapo tu. Angekuwa analia tangu mwanzo angefika pale hana machozi.

(Nilisema nimeweka kambi tu, ona sasa.)

Mhandisi Mstaafu

Nitausikiliza tena huo mwisho. Richter simwachi.

Vipuri

Nimekuwa msomaji tu humu, leo niandike. Mwaka 2019 duka langu lilikufa. Siingii kwenye sababu. Miezi minane sikushika daftari wala kalamu, nikiona namba ya mteja kwenye simu naiacha iite hadi ichoke.

Aliyenipa koncheto hii alinipa na habari zake. Kwamba 1897 simfonia (kazi ndefu ya okestra) ya kwanza ya Rachmaninoff ilipigwa vibaya kule St. Petersburg, ikachanwachanwa magazetini, naye akiwa na miaka 23 tu akakaa karibu miaka mitatu bila kutunga cha maana. Kwamba mwanzoni mwa 1900 alipelekwa kwa daktari Nikolai Dahl, akawa anakwenda kila siku, anakalishwa kwenye kiti, nusu usingizini, anaambiwa utaandika koncheto, utaandika kwa wepesi. Akaandika hii, akamtunukia daktari.

Kwa hiyo nilikaa mkao wa kumsikiliza mwenzangu aliyevunjika. Nikamkosa! Hapo 1929 ana miaka 56. Ameshafiwa na nchi, maana Urusi aliondoka Desemba 1917 na hakurudi tena hadi kufa kwake 1943. Ana watoto wakubwa, ana matamasha mji baada ya mji. Simfonia ile iliyomuumiza ni ya zaidi ya miaka thelathini nyuma. Ndiyo maana halii, Msafiri. Anapiga kama mtu anayekuonyesha kovu huku anaendelea kula. Wale wapigaji wengine wanapiga kidonda.

Sikupona siku ile, tusidanganyane. Kesho yake nilipokea simu moja. Alikuwa anauliza bei ya beringi.

Mtoto wa Nakuru

Vipuri, umenifanya nijaribu mara ya tano. Safari hii Celine alinyamaza kama dakika mbili.

Mpita Njia 77

Mimi nimesikiliza dakika moja nikazima, samahanini. Mbona sauti kama inatoka kwenye debe? Kuna ya video yenye dada mmoja na gauni jekundu, hiyo nimemaliza yote.

Bi Mkubwa wa Malindi

Mwanangu, na hiyo ni halali. Sikiliza ya gauni.

Kii Nyeusi

Naleta mrejesho. Parokia moja jirani wana piano ya zamani, ya mbao, wameifunika kwa kitambaa cha altareni na juu yake wameweka maua ya plastiki. Leo baada ya misa ya pili nikamwomba katekista. Tumetoa maua, tumetoa kitambaa, nikahesabu hadi F ya chini. Ipo. Nikabonyeza, kii ikazama na haikurudi. Imekwama.

Kodi za juu nimezipiga zote nane, kwa kuzichana maana mkono haufiki, na kila zamu ya ile nota ya chini katekista alikuwa anagonga ubao kwa kiganja. Alikosea mara mbili tu. Fundi tumemwita Jumamosi.