Nimepewa niandike wasifu wa baba mkwe nimekwama, msaada wakuu

Mkwe wa Iowa: Habari za muda huu wakuu. Nipo Davenport, Iowa, huku Marekani, nimeoa hukuhuku. Baba mkwe katutoka wiki hii na mama mkwe kanikabidhi mimi niandike wasifu usomwe kanisani halafu ufupisho uende gazetini, eti mimi ndo nilikuwa napiga naye stori sana. Mzee alikuwa kairoprakta, wale wanaonyoosha pingili za mgongo kwa mikono, kaifanya kazi hiyo tangu miaka ya 70 mpaka vidole gumba vikapinda. Mtu wa familia haswa, mechi za wajukuu hakosi, Jumapili yeye ndo anakaanga mayai. Sasa nikikaa kuandika kuna sehemu inanishinda. Naombeni ushauri, matusi hapana.

Kiuno Kikavu: Pole sana mkuu. Mimi nilianguka na bodaboda, hospitali wakanipa vidonge na tarehe ya kurudi, shangazi akanipeleka kwa bibi mmoja Handeni anakanda na mafuta ya nyonyo, nililia mpaka majirani wakaja kuchungulia ila saa hizi nabeba gunia. Watu wa mikono wana siri zao. Anza na mikono.

Mwl Mstaafu: Kama upo Davenport anza na mji wenyewe. Kazi hiyo imezaliwa hapo 1895, D.D. Palmer alipombonyeza mgongo Harvey Lillard, mfanya usafi aliyekuwa hasikii vizuri, ikasemwa masikio yakafunguka. Madaktari hawakuinunua hiyo hadithi na mpaka leo wanabisha, na 1906 Palmer aliingia jela kwa kutibu bila leseni. Chama cha madaktari Marekani kiliwazuia wanachama wake kushirikiana na hawa watu mpaka 1980, kesi ikaenda mahakamani, 1987 jaji akasema chama kilivunja sheria. Mkweo kaanza kazi katikati ya ugomvi huo. Hapo ndo pa kuandika, mayai kila mtu anakaanga.

Mama Abdul: Jamani hajasema anakwama wapi. Mwanangu, sehemu inayokushinda ni ipi?

Mkwe wa Iowa: Asante Mwalimu, ni kweli, alikuwa anasema miaka hiyo daktari wa mtaa uleule alikuwa hamsalimii. Mama Abdul, ni pale pa "ameacha mjane na watoto".

Mama Abdul: Kuhesabu watoto kunakushindaje?

Mkwe wa Iowa: Wanaojulikana ni watatu. Kuna wa nne, yupo Kansas, mambo ya ujana tu. Mzee alinitajia siku ananinyoosha, nimelala kifudifudi uso umezama kwenye lile tundu la kitanda chao naona viatu vyake tu, akasema kawaida kama anaongelea mvua, akamalizia "usimsahau". Kisha akaninyonga shingo ikalia, akabadilisha ile karatasi ya kichwani, akaita mgonjwa mwingine.

Dogo Ubungo: Ujana upi mkuu, kabla ya ndoa au?

Mkwe wa Iowa: Ana umri sawa na mke wangu.

Dogo Ubungo: 😂😂😂 mtu wa familia haswa. Familia mbili

Ustadhi Pwani: Marehemu hutajwa kwa mema. Sitiri, na Mungu atakusitiri. Hiyo siri mwenyewe kaenda nayo, wewe ni mkwe tu, kaa kimkwe.

Mama Abdul: Mkeo anajua?

Mkwe wa Iowa: Hajui. Ila sikilizeni, ya gazeti nishatuma jana, nimeandika watoto wanne. Jina sijaweka, idadi tu. Mlitaka nifanyeje na mzee kaniachia neno? Na yule wa Kansas naye kafiwa.

Mama Abdul: Idadi bila jina ndo mbaya kuliko vyote! Watakaa sebuleni wahesabiane. Piga simu gazetini sasa hivi, halafu kaa na mkeo kabla ya mama yake.

Mkwe wa Iowa: Mke wangu ana msiba jamani sio wakati wake.

Kiuno Kikavu: Kwetu mtoto wa nje anatokea makaburini na mama yake na cheti cha kuzaliwa, tena gari ya kukodi. Huyo wa Kansas mstaarabu.

Mzee wa Fact: Chai hii. Mwezi juzi huyuhuyu kafungua uzi anatafuta mchumba, mwenye hofu ya Mungu, awe tayari kuhamia Mbeya. Kama kweli upo Davenport, chuo cha Palmer kipo mtaa gani?

Mkwe wa Iowa: Brady Street, kwenye kilima. Ule uzi ni mdogo wangu alitumia akaunti yangu.

Dogo Ubungo: Mdogo wako 😂😂

Mzee wa Fact: Brady Street hata Google inajua. Mimi naona hivi, hakuna mkwe hapa. Siri kaambiwa peke yake, wa nne kamuweka gazetini peke yake, jina linamshinda kuandika. Mtoto wa nne ni wewe?

Mama Abdul: Mh.

Ustadhi Pwani: Subhanallah.

Mkwe wa Iowa: Acheni hizo, mimi mngoni wa Songea mzee mzungu. Natoka, gazeti linafunga saa kumi na moja.

Mama Abdul: Kwa hiyo unapiga simu au hupigi?

Kiuno Kikavu: Mkuu kabla hujatoka, kile kitanda chenye tundu wanauza?