Pampu ya mafuta ya Beetle (ya kimekanika, sio ya umeme): nichukue ipi isiyosumbua?

beetle_ya_mzee (Tanga)
Habari za saa hizi wakuu. Naombeni mwongozo kwa wanaozijua hizi gari za zamani. Nina Volkswagen Beetle, bodi ni ya 1969 aliniachia mzee, injini iliyomo ni 1600 ilibadilishwa zamani mimi bado nasoma. Shida yangu ni pampu ya mafuta, ile ya kimekanika inayokaa jirani na distribyuta. Ya zamani ilianza kuvuja fundi akasema dayaframu (utando wa ndani unaosukuma mafuta) imechoka, nikanunua mpya Gerezani nilipoenda Dar, ikapiga kazi kidogo tu ikakatika mkono wa ndani. Nikachukua nyingine ya boksi tofauti, hii haijakatika ila gari inanuka petroli balaa, ikikaa foleni inakohoa inazima, na ukiizima ikiwa ya moto kuiwasha tena mpaka ukandamize pedeli ya mafuta mpaka chini ndo inashika kwa moshi mweusi. Fundi mmoja kaniambia nitupe takataka hiyo nifunge ya umeme ya Vitz, mwingine anasema kabureta ndo bovu. Mimi nataka kubaki na ya kimekanika, gari ibaki ilivyo, halafu napenda kitu ambacho nikikwama Segera naweza kukifungua mwenyewe. Kampuni gani wanatengeneza pampu ya kuaminika? Hela nitajipanga, sitaki tu kununua kila mara. Natanguliza shukrani.

IST_gang
Uza hilo kopo mkuu chukua IST ulale usingizi 😂

beetle_ya_mzee
@IST_gang siuzi hata kwa dawa. Wenye majibu karibuni.

FundiMstaafu_Arusha
Kijana kabla hujauliza kampuni, jibu kwanza swali moja: hiyo injini inachaji betri kwa dainamo au oltaneta? Wauza spea wengi siku hizi hawaulizi hilo na wateja hawajui kama linahusika, na ndipo pampu nyingi zinapofia.

Ipo hivi. Beetle za dainamo zinatumia pampu iliyosimama wima, na chini yake kuna rodi ya kuisukuma yenye urefu wa milimita 108. VW walipohamia oltaneta miaka ya 1973 kuja 74, ile oltaneta ilikuwa nene ikawa inagombania nafasi na pampu, wakatengeneza pampu iliyoinama, na hiyo rodi yake ni fupi, milimita 100. Ukiziweka mezani kwa haraka zinafanana, ukimpa mtu asiyejua atafunga yoyote na boliti mbili zitaingia vizuri tu. Sasa weka pampu iliyoinama juu ya rodi ya 108, mkono wa pampu unasukumwa kupita kiasi chake, ama unakatika kama ule wa kwako wa kwanza ama springi inabanwa mno na mafuta yanakwenda kwenye kabureta kwa nguvu ambayo sindano (vali ndogo ya kabureta inayofunga mafuta) haiwezi kuyazuia. Ukifanya kinyume, rodi fupi na pampu ya wima, gari haipati mafuta kabisa.

Dalili zako zote mbili mimi zinanielekeza kwenye rodi. Hata hiyo pampu ingetoka mbinguni ingekufa.

Fungua boliti mbili, itoe pampu, rodi utaiona imesimama katikati ya flanji (kitako kinachokaa kati ya pampu na injini) nyeusi ya plastiki ngumu. Ivute juu uitoe KWANZA ndipo uguse flanji, maana ukiiondoa flanji rodi ikiwa imo inaweza kutumbukia ndani ya injini na hapo umeshajitafutia kazi nyingine kubwa. Ipime kwa vernia kama unayo, au rula nzuri tu inatosha, tofauti ya milimita 8 huwezi kuikosa. Na usisahau kunusa dipstiki.

beetle_ya_mzee
Shikamoo mzee. Ina oltaneta, nina uhakika maana niliibadilisha betri na fundi umeme akaniambia. Kunusa dipstiki ndo nini tena?

FundiMstaafu_Arusha
Marahaba. Kunusa, chomoa dipstiki weka puani. Upande wa chini wa pampu umeungana na injini, hivyo dayaframu ikitoboka petroli inashuka kwenye oili. Hata sindano ya kabureta ikizidiwa petroli inafurika inateremka kupitia silinda inafika kule kule. Injini hii inabeba oili lita 2 na nusu tu, kwa hiyo petroli kidogo tu inaifanya nyepesi kama maji. Dondosha tone kwenye karatasi nyeupe, likitambaa haraka likaacha duara la unyevu pembeni na harufu ipo, usiiwashe tena mpaka umwage oili. Ukiona kiwango cha oili kinapanda badala ya kushuka usifurahi!

Wanjiku_aircooled (Nairobi)
Mzee amesema ukweli, niongeze tu upande wa presha kwa sababu hapa kwetu watu hubadilisha pampu tatu nne bila kupima hata siku moja. Hii kabureta ya Solex inataka kama psi 3 hivi (psi ni kipimo cha presha), ikipita sana hapo sindano inaanza kuachilia. Nunua geji ya presha ndogo, ile inasoma kutoka 0 hadi 10 sio ile ya gari za injeksheni, weka kiungo cha T kati ya pampu na kabureta, washa, soma. Dakika chache umejua kama shida ni pampu ama ni kabureta, badala ya fundi mmoja kusema hivi na mwingine vile.

Kama ingekuwa ya dainamo ungepima pia rodi inatoka kiasi gani: flanji na gasketi zikiwa mahali pake, zungusha injini na spana kwa puli mpaka rodi ifike juu kabisa, isizidi kama milimita 13 kutoka uso wa gasketi. Kwa ya oltaneta inatoka kidogo sana, usishtuke. Zote mbili zinapanda na kushuka karibu milimita 4 peke yake. Gasketi chini ya pampu ndizo hurekebisha hapo, ukiongeza moja presha inashuka kiasi, lakini hiyo ni ya kurekebisha kitu kidogo, si dawa ya rodi isiyofaa.

Halafu boss nikuombe kitu. Angalia filta ya plastiki iko wapi. Karibu kila Beetle naona Kirinyaga Road imewekwa hapo juu ya distribyuta inaning'inia kwa mpira, mpira ukichomoka petroli inamwagika kwa cheche. Hizi gari zinaungua hivyo, si kwa sababu ni za zamani. Peleka filta mbele chini ya tangi ama nyuma karibu na giaboksi, nje ya chumba cha injini. Na ile bomba ya shaba inayoingia kwa kabureta imegongwa tu ikaingia, ivute kwa mkono, ikicheza ishughulikiwe kabla ya kitu kingine chochote.

mtaalam_umeme
Mnamzungusha tu jamaa. Pampu ya umeme unafunga mara moja, gari inawaka asubuhi bila kuhangaika, karne ya 21 hii bado mtu anapima rodi na rula

Wanjiku_aircooled (Nairobi)
@mtaalam_umeme ya umeme si mbaya, lakini ile ya Vitz ni ya injeksheni inasukuma zaidi ya psi 40, kwa kabureta ya psi 3 hiyo ni kuoga petroli. Ukitaka ya stima inabidi iwe ya presha ndogo, ikae mbele karibu na tangi kwa sababu hizi pampu zinajua kusukuma hazijui kuvuta, na lazima iwe na swichi ya kuikata injini ikizima ama gari ikigonga. Ya kimekanika injini ikisimama nayo inasimama, hiyo usalama unaipata bure.

mtaalam_umeme
Sawa hapo kwenye swichi nimekuelewa. Ila asubuhi?

FundiMstaafu_Arusha
Asubuhi gari iliyokaa wiki nzima kabureta imekauka, unapiga stata kidogo zaidi basi. Haijawahi kuua mtu.

Salim_ughaibuni
Asalaam aleykum. Niko Uingereza, nina ya 1972. Swali la kampuni halijajibiwa mpaka sasa ngoja nijaribu. Za asili zilikuwa Pierburg ya Ujerumani, na ukipata ya zamani iliyokaa stoo haijatumika au hata iliyotumika ambayo bodi yake ni nzima, mimi naichagua hiyo kabla ya mpya yoyote ya bei rahisi. Sababu yangu sio jina, ni skrubu. Tazama kiungo cha juu na chini cha pampu: nyingine zimefungwa kwa skrubu kuzunguka, hizo unafungua unabadilisha dayaframu na vali kwa kiti ndogo (kit, yaani pakiti ya vipuri vya ndani), unairudisha. Nyingine zimekunjwa kwa mashine kama mfuniko wa soda, hizo zikifa ni za kutupa. Wewe unayetaka kufungua mwenyewe njiani jibu lako liko hapo.

Tahadhari tu, ya zamani iliyokaa stoo dayaframu yake nayo imezeeka na boksi lake, kwa hiyo nunua pamoja na kiti na uibadilishe kabla hujaifunga. Na uliza dayaframu ni ya mpira gani. Huku tangu Septemba 2021 petroli ya kawaida ni E10, ethanol inafika asilimia 10, mpira wa kizamani unavimba unakakamaa, wengi tumehamia kwenye kiti zenye Viton, mpira unaovumilia ethanol. Mipira ya mafuta ni hivyo hivyo, ile yenye nyuzi nje inaoza kwa ndani huku nje inang'aa.

Ukiwa dukani usilipe kabla ya hili: shika pampu mkononi, ziba tundu la kuingizia mafuta kwa kidole, bonyeza mkono wake kisha uachie huo mkono. Kidole kivutwe, na kibaki kimevutwa kwa sekunde kadhaa. Ikiachia papo hapo vali haishiki, mrudishie hata kama boksi limeandikwa Germany kwa herufi kubwa. Kisha lalisha rula kwenye kitako chake, mwanga usipite chini. Muuzaji akikukatalia kujaribu, nenda duka la pili.

beetle_ya_mzee
Wakuu nimerudi. Nimefungua jioni hii na mdogo wangu akishika tochi. Pampu ni ya kuinama. Rodi nimepima ni 108!! Na chini ya pampu nimekuta gasketi zimerundikwa, nyingine zimekatwa kwa mkono kwenye boksi la kitu gani sijui, naona fundi aliona inagoma kukaa akawa anainyanyua. Dipstiki inanuka petroli na kiwango kimepita mstari wa juu. Filta ndiyo iko juu ya distribyuta kama dada alivyosema, nimeogopa nimechomoa betri kabisa. Sasa nanunua rodi ya 100 tu nabaki na pampu hii au nibadilishe vyote?

FundiMstaafu_Arusha
Rodi ya 100, flanji mpya na gasketi zake halali. Hiyo pampu imeshateswa, mkono wake una ufa usiouona, usiiamini kwa safari. Tafuta ya skrubu aliyosema Salim, yenye mwinamo wa oltaneta, na ukiifunga jaza grisi chumba cha chini ambako mkono unafanya kazi, mafundi wengi wanairuka hiyo. Oili mwaga leo leo. Kabureta usiliguse kwanza, mpaka geji isome.

Salim_ughaibuni
Nitumie picha ya kitako cha pampu PM, kuna mtu anakuja Tanga mwisho wa mwezi anaweza kukubebea kiti na rodi.

beetle_ya_mzee
Nimekutumia kaka. Na ile geji nayo kama ipo huko niongezee, hapa wote wana za injeksheni.

IST_gang
Hiyo ikipona nipeni lifti mpaka Pangani basi