Wasifu wa marehemu usiishie "alizaliwa, akasoma, akaugua": vyama vyenu vya kuzikana mnafanyaje?

KatibuChangombe

Wakuu, mbukwenyi. Poleni na jua na hili vumbi.

Mimi ni katibu wa chama cha kufa na kuzikana cha mtaani kwetu, Chang'ombe, Dodoma mjini. Si cha kanisa wala cha msikiti, ni cha majirani: Wagogo, Warangi, Wanyaturu, na hawa waliohamia na Serikali miaka ya karibuni. Kazi yangu ni kaunta buku. Nani katoa mchango, nani anadaiwa, turubai liko kwa nani, sufuria zimerudi ngapi na ipi imerudi bila mfuniko.

Desemba tuna mkutano mkuu. Utaratibu wetu ni mwenyekiti kusoma majina ya waliotutoka mwaka huo, tunasimama kimya dakika moja, tunakaa, tunaingia mapato na matumizi. Safari hii nimeomba nafasi nisome maisha ya kila mmoja japo kidogo. Mweka hazina wetu akaniuliza, "Kwani wasifu si ulishasomwa makaburini?" Ulisomwa, ndiyo. Shida ni kilichosomwa. Mwaka huu tumezika watu watatu, na ningebadilisha majina tu kwenye zile karatasi, kila moja ingemfaa mwenzake.

Wa kwanza ni mzee aliyekuwa na shamba la zabibu Mpunguzi. Wasifu wake ulisomwa na mjukuu aliyefika alfajiri kutoka Dar, anasoma kwenye simu huku meseji za pole zinaingia. Alizaliwa, alisoma mpaka darasa la nne, alioa, aliugua presha na sukari, ameacha mjane, watoto na wajukuu, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Zabibu hazikutajwa. Nusu ya wanaume waliolishika lile jeneza walijifunza kupogoa mizabibu kwake, na wengine pingili zao za kwanza aliwapa bure.

Wa pili ni bibi aliyekuwa anauza mlenda mkavu soko la Majengo. Huyu ndiye ninayemuwaza zaidi. Mwanamke yeyote aliyefia mtaani kwetu, kama si Mwislamu, alioshwa na yeye. Hakuitwa, alikuja mwenyewe, kanga moja kiunoni na nyingine begani, anauliza maji yamewekwa wapi, anatoa watu chumbani na kubakiza wawili wa kumsaidia. Akishamaliza anatoka, ananawa, anakaa jikoni na wapishi kama vile alikuwa anakatakata vitunguu tangu asubuhi. Sasa siku aliyokufa yeye, tulisimama mlangoni wanawake wazima na watoto wetu tumezaa, tunatazamana. Beseni liko pale, sabuni ipo, shuka jeupe lipo, na hakuna anayejua unaanzia wapi. Mwishowe wale wawili waliozoea kumshikia maji wakaingia, wakawa wanakumbushana kwa sauti, "Alikuwa anaanza na uso. Hapana, mikono kwanza." Wasifu ulisema alikuwa "mfanyabiashara na mcha Mungu".

Wa tatu ni kijana wa bodaboda, mpangaji, kwao Iramba. Ajali. Mwili ulisafirishwa Singida usiku ule ule na sisi wasifu wake hatukuusikia. Kwenye daftari nina jina lake, namba ya simu ambayo haipatikani tena, na michango yake yote, hajawahi kuchelewa hata mwezi.

Swali langu: kwenu mnafanyaje? Nani wa kuulizwa, familia au majirani? Na yule mzee wa zabibu, Mungu amlaze pema, alikuwa mgomvi wa mipaka kupita kiasi. Hilo linasemwa au linafunikwa?

Nawasilisha.

Irangi_wa_Kolo

Pole sana katibu, na Mwenyezi Mungu awape subira wafiwa.

Huku Kondoa kwa sisi Waislamu jambo hili lina njia yake. Maiti anazikwa mapema, hatusomi karatasi makaburini. Kumtaja mtu kunakuja baadaye, kwenye hitma, watu wameshakula na wazee wanazungumza. Pale ndipo unasikia kwamba fulani ndiye aliyekuwa akilipia mafuta ya taa ya msikiti kabla umeme haujafika. Hakuna anayeandika, na hilo ndilo pengo letu, maana wazee wenyewe nao wanaondoka.

Kuhusu ugomvi wa mipaka: tumefundishwa kutaja mema ya maiti na kunyamazia yaliyobaki. Kama kuna anayemdai au aliyedhulumiwa, hilo ni la warithi, limalizwe chumbani. Kwenye mkutano wenu mwacheni apumzike.

Ila nikushauri, usisubiri Desemba kuuliza. Siku tatu za matanga ndizo watu wana maneno. Wakishatawanyika, kila mtu anabaki na "alikuwa mtu wa watu".

Mzee wa Mpwapwa

Katibu, nia yako njema lakini nenda taratibu. Wasifu ni karatasi, na karatasi hutembea.

Kuna msiba mmoja huku kwetu, waliandika kwenye wasifu kwamba marehemu "alimkabidhi mdogo wake shamba la bondeni". Aliyeandika alidhani anamsifu marehemu kwa ukarimu. Haikupita miezi, ile karatasi ikaletwa kwenye baraza kama ushahidi, na watoto wa marehemu na baba yao mdogo mpaka leo hawasalimiani. Kwa hiyo mimi naona mambo manne yasikae kwenye maandishi ya chama: mali, madeni, ugonjwa, na hesabu ya watoto. Hasa hiyo ya mwisho. Ukiandika "watoto sita" wakati wa saba amekaa mstari wa nyuma anakusikiliza, hujamkumbuka marehemu, umeanzisha kesi.

Andika alichokuwa anafanya. Hakuna anayerithi hicho.

MjukuuWaKongwa

Hapa Mzee wa Mpwapwa kanigusa, ingawa naona ugonjwa kuna wakati unafaa kutajwa kama familia inaridhia, watu wakapime.

Mimi ni wa Kongwa. Mnajua historia ya pale: Waingereza walikuja na mradi wa karanga mwaka 1947, matrekta na kelele nyingi, 1951 ukafa. Halafu miaka ya 1960 Mwalimu akawapa wapigania uhuru mahali hapo hapo, FRELIMO, ANC, SWAPO na wengine wakaweka kambi. Jirani yetu mmoja alikuwa kijana wakati ule, alikuwa akiwapelekea kuni na kuku wa kununua. Alijua bweni lipi lilikuwa la nani, na visima. Wageni walikuwa wanakuja na vinasa sauti kumuuliza, wanaondoka. Sisi wa nyumba ya pili tulikuwa tunamuuliza kama mbuzi wetu kapita kwake.

Alipofariki tulikaa na mwanaye tukajaribu kuandika, tukapata ukurasa mmoja na nusu, na nusu yenyewe tulikuwa tunabishana. Kwa hiyo katibu, wakati unawaandika hao watatu, pita pia kwa walio hai. Hao wawili walioshika maji, umewaandika wanachokijua?

ZabibuNyekundu

Huyo mzee wa Mpunguzi nadhani namjua, na kama ndiye, mimi ni mmoja wa wanafunzi wake. Jina sitaji.

Andika hivi katibu: alikuwa hapogoi akiwa na haraka. Unajua zabibu huku tunavuna mara mbili, huanza Februari na Machi, halafu tena Agosti na Septemba, na kila baada ya mavuno lazima upogoe ndipo mti uzae tena. Vijana wengi tunakata tu, tumeshika mkasi tunawaza bei. Yeye alikuwa anazunguka mti kwanza, mikono nyuma, haongei. Halafu anaacha macho mawili kwenye tawi, yale yanayochipua, pengine matatu likiwa nene, na anakukataza kumwaga matawi njiani kwa sababu ya ukungu. Ukikosea hakukaripii. Anakuambia "sasa huo ni wako, tutaonana Machi", anaenda mti mwingine. Machi unaona mwenyewe ulichofanya.

Na mwaka ambao mnunuzi alitukatalia mzigo tayari umeshachumwa uko kwenye kreti, yeye ndiye aliyetuambia tuanike zabibu kavu juu ya mabati badala ya kukaa kulia. Hatukupata fedha nyingi, tulipata ya ada.

Ugomvi wa mipaka ni kweli, aligombana na baba yangu. Mimi ningesema, ukimtoa ugomvi humtambui. Sema tu "alikuwa haachi hata shubiri yake ipotee", watu watacheka na watajua.

KijiweSabasaba

Katibu, huyo dogo wa Iramba tulikuwa naye kijiweni. Umefanya vizuri kuuliza, maana sisi hatukualikwa popote kusema.

Alikuwa anaamka kabla ya wote. Kwenye pikipiki alikuwa na kitambaa cha kufutia siti na kofia ya pili safi ya abiria, akina mama walikuwa wanamsubiri yeye kwa sababu ya hiyo kofia. Usiku mjamzito akishikwa na uchungu huko kwenu, alikuwa anapigiwa yeye, na nauli anasema mtanipa mkirudi na mtoto. Wengine walirudi na mtoto, hawakumpa. Alikuwa anacheka.

Alikuwa na mpango wa kununua pikipiki yake, ile aliyopanda ilikuwa ya tajiri. Alibakiza marejesho kidogo. Hilo usiandike kama Mzee wa Mpwapwa alivyosema, ila sisi tunalijua.

Tulichanga tukamtuma mwenzetu mmoja kusindikiza mwili. Alituambia kule kwao walishangaa kuona picha tulizotuma, hawakujua kama huku mjini ana watu.

Mama wa Kikuyu

Wanangu, niongeze moja. Nilikuwepo hapa Dodoma ile Juni 2002 treni ya abiria ilipoanza kurudi nyuma kule Msagali na kwenda kugongana na ya mizigo. Watu 281 walikufa. Kuna ambao hawakutambuliwa, wakazikwa Maili Mbili kwa pamoja. Tulikwenda kuzika watu tusiowajua, mimi na akina mama wenzangu wa jumuiya, na hatukuwa na wasifu hata wa mstari mmoja. Kila aliyekuwepo alisema alichokiona: huyu mkono una bangili ya shanga, huyu kavaa gauni la sherehe.

Kwa hiyo huyo bodaboda msimwache na mstari mtupu. Na huyo bibi muosha maiti, nendeni kwa familia ambazo aliwaoshea mama zao. Hao ndio wasifu wake, si watoto wake. Watoto hawakuwepo chumbani.

KatibuChangombe

Mama wa Kikuyu, shikamoo. Nimefuata hilo lako jana jioni, nimepita nyumba kadhaa. Mmoja kaniambia bibi alikuwa anaongea na maiti wakati anamwosha, kwa Kigogo, anamwambia "geuka mama, tumalize, watu wanakusubiri." Nimeandika vile vile. Mwingine kaniambia alikuwa anakataa kulipwa lakini ukimpelekea karanga anapokea. Na wale wasaidizi wake wawili wamekubali kutufundisha wengine, tumepanga Jumamosi baada ya kufua, nyumbani kwa mmoja wao, tutatumia godoro. Mweka hazina kasema atakuja, ila atakaa mlangoni tu.

Mzee wa Mpwapwa, nimefuta mstari wa shamba. Nilikuwa nimeshauandika.

Kijiwe, mtumeni mtu mmoja siku ya mkutano asome mwenyewe, mimi nisome wawili. Chakula kipo, wali na maharage, msitegemee nyama.

Kwa mzee wa zabibu nimeandika: "Alikuwa anazunguka mti kwanza, mikono nyuma. Alitufundisha kuacha macho matatu kwenye kila tawi. Alikuwa haachi hata shubiri yake ipotee." ZabibuNyekundu, liko sawa?

ZabibuNyekundu

Macho mawili, katibu. Matatu ni kwa tawi nene tu. Ukisoma matatu pale mbele ya watu wa Mpunguzi, watakukatiza katikati.

Na uweke salfa, ile dawa ya ukungu wa zabibu. Alikuwa ananuka salfa hata kanisani.