Mzee Mwinyi alijiuzulu uwaziri, ilikuaje tena akaja kuwa Rais?

Kijana_wa_Juzi:
Wakuu shikamooni. Naomba mnieleweshe kuhusu hayati Mzee Ali Hassan Mwinyi. Alikuwa waziri wa mambo ya ndani enzi za Mwalimu Nyerere akajiuzulu sababu ya watuhumiwa waliofia mikononi mwa polisi kule Shinyanga, sasa mtu katoka na skendo nzito vile halafu 1985 anakabidhiwa nchi, imekaaje hii?

Mstaafu:
Marahaba mwanangu. Kile kujiuzulu ndo kilichomjenga. Hakumpiga mtu wala hakutoa amri, ila watu wamekufa chini ya wizara yake akaona hawezi kuendelea kukalia kiti, akaandika barua akaondoka. Mwalimu akampeleka ubalozi Misri, akakaa huko miaka kadhaa bila kelele wala kulalamika kwa mtu. Aliporudi akapewa uwaziri tena, na Januari 1984 ile "hali ya hewa" ya kisiasa ilipochafuka Zanzibar na Mzee Jumbe aliyekuwa Rais wa Zanzibar akaachia ngazi, walitafuta mtu mtulivu asiye na kundi wa kushika nafasi ile, wakamwona yeye.

Pwani Moja:
Mzee wangu nakubali ila sio kujiuzulu tu. Waziri Mkuu Sokoine alifariki Aprili 1984 na wengi walikuwa wanamtazama yeye kumrithi Mwalimu, hapo hesabu zote zikabadilika. Alafu Mwinyi kule visiwani ndani ya muda mfupi biashara ikafunguliwa, bidhaa zikaonekana, wakati huku bara tunapanga foleni ya sabuni na sukari, watu wakasema huyu huyu. Jina la Mzee Rukhsa halikuja bure, 1986 akakubaliana na IMF, lile shirika la fedha la kimataifa, mitumba ikajaa, 1992 vyama vingi vikaruhusiwa, mpaka tv za watu binafsi bara zimeanza kwake.

Mjamaa:
Mbona hamgusi Azimio la Zanzibar la 1991? Pale ndipo viongozi waliporuhusiwa kuwa na hisa, kupangisha nyumba na kupokea mishahara miwili, miiko ya uongozi ya Azimio la Arusha ikazikwa kimya kimya, na mwishoni misamaha ya kodi ilizidi mpaka wafadhili wakazuia hela. Namheshimu sana Mzee lakini mlango alioufungua walipita na wezi, na hilo linaniuma mpaka leo.

Kijana_wa_Juzi:
Asanteni sana wakubwa. Kwahiyo Lowassa naye alijiuzulu uwaziri mkuu 2008, mbona yeye hakufika?

Mstaafu:
Tofauti kubwa mwanangu. Lowassa aliondoka huku ripoti ya Richmond, ile kashfa ya mkataba wa umeme, ishasomwa bungeni na yeye mwenyewe anasema kaonewa, tena ana mtandao mkubwa unaoutaka urais waziwazi, 2015 CCM wakalikata jina lake akahamia Chadema. Mwinyi sisi hatukuwahi kumsikia akiutaka, hata 1985 jina lake wengi hatukulitegemea kabisa, tulikuwa tunamtaja Salim Ahmed Salim na Mzee Kawawa.